Ndugu Niliyemlilia Akiwa Hai

Madame aliyetufundisha Kifaransa hakupenda vitabu vya kufundishia wageni. Alisema amechoka na yule mtu wa kitabuni ambaye kila mwaka ananunua nyanya na kuuliza njia ya kwenda stesheni. Badala yake, kila Jumamosi alasiri, katika ukumbi wa parokia moja huko Etterbeek, Ubelgiji, alitusomea hadithi za michezo ya kuigiza ya Wagiriki wa kale. Tulikuwa watu wazima kama kumi na wawili. Wengi tulitoka Zaire, kama nchi ilivyoitwa katika miaka ile ya tisini. Wengine Katanga, wengine Kivu kama mimi. Nilikuwa nimesoma hadi mwaka wa pili wa sekondari, na asubuhi nilisafisha korido za hospitali huko Jette. Wagiriki niliowajua mimi ni wale waliokuwa na maduka ya samaki wa chumvi na vitenge kwetu Bukavu. Sikujua kwamba babu zao waliandika mambo mazito namna ile.

Katika hadithi hizo kila mtu alimtendea ubaya mtu wake. Mke alimuua mume, baba alimtoa binti kafara, ndugu alimgeuka ndugu, rafiki alimwacha rafiki yake mgonjwa akaondoka. Mama mmoja wa Lubumbashi, ambaye mdomo wake haukupumzika, alinyosha mkono.

"Madame, hawa Wagiriki hawana maadui? Kila siku wanauana nyumbani tu!"

"Wanao," madame akajibu. "Lakini adui akikuua, hiyo ni vita, mtu anaielewa. Wao waliona kinachotisha zaidi ni mkono wa mtu uliyekula naye."

"Bon, basi ni watu wa kwetu kabisa. Waulize kama wana mama mkwe."

Tulicheka wote, hata mimi. Halafu madame akatueleza jambo ambalo sikulipenda. Alisema watu wale hawakuonyesha mauaji mbele ya watazamaji. Mambo yalifanyika ndani ya nyumba, mahali pasipoonekana, kisha mjumbe alitoka nje kuja kusimulia yaliyotokea. Madame alikuwa amechukua vipande vya hadithi mbalimbali akavishona kuwa mchezo mfupi, ili tuuigize mwisho wa mwaka wa masomo. Ulikuwa na mama mmoja na wana wawili, na mmoja wa wana anamwacha mwenzake afe ili nyumba ibaki yake. Mimi nilipewa kazi ya mjumbe, kwa sababu, alisema madame, sauti yangu haipandi na kwa hiyo watu wananisikiliza.

Nilikubali. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimekwisha kutangaza kifo cha ndugu yangu, tena ofisini, na kwamba ndugu huyo alikuwa nyumbani kwangu siku hiyo hiyo, anapika maharage.

Inabidi nieleze jinsi nilivyofika hapo.

Nilipoingia Ubelgiji nililala kwa rafiki yangu wa tangu utoto, ambaye alinitangulia miaka mitatu. Alikuwa mtu mwema, na alijua ofisi ya wakimbizi kuliko mimi. Nilimweleza yaliyonipata nyumbani: vitisho, kufungwa wiki moja, kukimbia. Akatikisa kichwa, akaniita petit, mdogo, kama alivyozoea.

"Petit, hiyo haitoshi. Kila mtu pale anafungwa wiki moja. Huna muntu aliyekufa?"

"Baba."

"Baba alikufa na nini?"

"Kisukari."

"Achana na kisukari. Ndugu je?"

Nilikuwa na ndugu mmoja tu, yaya, ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa kwetu. Alikuwa mzima, fundi wa redio, mwenye mke na watoto wawili. Siku ya mahojiano nilimuua. Nilisema askari walimpiga risasi mlangoni, mimi nikiwa nimejificha nyuma ya nyumba. Mkalimani alitafsiri, mtu wa ofisi akaandika, na nilipoulizwa tarehe nilitaja ya siku ambayo mtoto wake wa kwanza alizaliwa, ili nisije nikaisahau. Miezi mingi baadaye nilipata karatasi za kuishi. Sijui hadi leo kama ni kwa ajili ya kifo kile au kwa ajili ya wiki yangu moja ya jela.

Mambo yangeishia kwenye faili. Lakini rafiki yangu, kwa kuona kwamba habari ikijulikana na wengi itakuwa na nguvu, alimwambia maman aliyeongoza kikundi chetu cha maombi kwamba nimefiwa na yaya na ninaficha uchungu. Maman yule alikuwa kama mama kwa sisi sote tusio na mama hapa. Hakuniuliza kitu. Jumamosi moja, nikiwa bado na aproni ya kazi mkononi, niliwakuta ngazini kwangu huko Forest, watu kama ishirini, na viti vya parokia, na sufuria.

Kwetu mtu hafi bila kulia kwa pamoja. Hata akifia mbali, hata kama mwili hauonekani, watu wanakusanyika kwa mfiwa, wanaketi, wanaimba, wanapika. Walisukuma meza yangu ukutani, wakateremsha godoro langu sakafuni, wakaniketisha juu yake kama mfiwa. Maman akaniomba picha. Nilikuwa na moja tu: yaya amevaa suti ya kuazima, ameinua kidevu, anajifanya mkurugenzi. Wakaifunga utepe mweusi kwenye pembe, wakawasha mshumaa.

Ningeweza kusema wakati huo. Watu ishirini tu, chumba kimoja, neno moja. Niliogopa kwamba likitoka litafika ofisini. Nikainamisha kichwa. Wanawake walipoanza kuimba nililia, na machozi yale yalikuwa ya kweli, nililia miaka yangu yote ya upweke, na kila aliyenishika bega alidhani namlilia yaya. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi kuliko uongo wa ofisini. Ofisini nilidanganya watu nisiowajua. Hawa walikuja na sufuria zao.

Mwaka haujaisha tangu kilio kile, kengele ya mlango ikalia Jumapili mchana. Nikafungua dirisha, nikatazama chini. Yaya alisimama kando ya njia na mfuko mmoja wa plastiki, amekonda, anatazama juu.

"Petit! Fungua, baridi inaniua!"

Alikuwa amepita Nairobi, akapita Roma, akapita mahali asipotaka kupataja. Mambo kwetu yalikuwa yameharibika zaidi. Aliacha mke na watoto kwa mama yetu, na alikuja kwa sababu mimi nipo. Alisema hivyo mara nyingi, bila kufikiri, kama mtu anavyosema jua limetoka: "Bon, mimi nilijua weye uko hapa."

Kabla hajavua koti aliiona picha. Sikuwa nimeiondoa, kwa kuwa maman alikuwa akija kunitembelea na angeuliza.

"Huyu ni miye," akasema. Akausogelea ukuta. Akaugusa utepe. "Sasa miye nilikufa na nini?"

"Risasi."

"Wapi?"

"Mlangoni. Askari."

Alicheka hadi akakaa chini. "Afadhali! Umenipa kifo cha mwanaume. Ungeweza kusema kuhara." Akafuta macho. "Na batu balilia?"

"Walilia sana, yaya."

"Nani aliyelia kuliko wote?"

Akanitazama, na kicheko kikapungua kidogo kidogo mpaka kikaisha. Hakunitukana. Aliigeuza picha ikatazama ukuta, akaniuliza kama kuna chakula.

Tukaishi hivyo, miezi mitano. Nikiwa kazini alikaa ndani. Aliitengeneza redio yangu, akatengeneza na ya jirani Mreno, akawa anapewa vifaa vilivyokufa vya jengo zima. Lakini jamaa zetu hawakupaswa kumwona. Wapo waliotoka Bukavu, na picha ile walikuwa wameitazama siku nzima. Akitaka kutembea alikwenda upande wa kiwanda cha magari, ambako hatukuwa na watu. Wakija wageni aliingia chumbani akakaa kitandani kimya, na mimi niliongeza sauti ya redio.

Jumapili moja aliamka akavaa shati langu jeupe. Alisema anakwenda kanisani, Mungu hana faili. Nikamwomba asubiri. Akasema amesubiri tangu Novemba. Nilisema sawa, nakwenda kununua mkate kisha twende pamoja. Nikatoka, nikafunga mlango kwa ufunguo kwa nje, nikaenda kanisani peke yangu. Niliimba. Nilipokea amani kwa mkono. Niliporudi alikuwa amesimama palepale nyuma ya mlango, na alinizaba kofi moja hata sikio langu likalia hadi jioni. Nami, Mungu anisamehe, nilimrudishia. Sikuwa nimewahi kumpiga mtu mkubwa kwangu. Nilimpiga kwa ngumi, mdomoni, na alipoyumba nikampiga tena. Tulisimama pale tunahema, yeye anashika mdomo.

"Miye nimechoka kuwa maiti yako," akasema.

Tulikuwa tumepatana kwamba akienda kuomba hifadhi atasema hana ndugu yeyote Ubelgiji. Baada ya kofi lile alikwenda, na walipomuuliza jina la ndugu wa karibu, alisema ukweli. Alitaja jina langu, jina la baba, jina la mama, mtaa wetu, na anwani yangu ya Forest. Baadaye nilipata barua ya kuniita ofisini.

Barua nilikaa nayo siku tisa. Yeye hakuniambia kitu kuihusu, na mimi sikumwambia nitajibu nini. Tulikula pamoja. Nikimsikia anajisafisha koo, nilidhani sasa ataomba; hakuomba. Nilijua vizuri jibu langu lingeleta nini. Nikisema huyu ni ndugu yangu, yeye anaaminiwa, na mimi naulizwa yule wa risasi ni nani. Pengine wangenifukuza, pengine wasingenifukuza; sikumwuliza mwanasheria, kwa sababu niliogopa akisema hakuna hatari ningekosa kisingizio.

Siku hiyo nilivaa suti. Mtu wa ofisi alikuwa kijana mpole, aliyenipa maji. Alinisifu kwamba siku hizi sihitaji mkalimani. Akaweka mbele yangu picha ndogo ya yaya, mdomo wake bado una kovu la ngumi yangu.

"Unamfahamu bwana huyu?"

"Hapana."

"Anasema yeye ni kaka yako."

"Kaka yangu alikufa. Mliandika."

Kifaransa changu kilikuwa kizuri. Sikukosea neno.

Kijana aliandika, halafu akainuka na kuufungua mlango wa pembeni. Sikuwa nimeambiwa. Yaya aliingia na mkalimani, akaketishwa hatua mbili kutoka kwangu. Alikuwa amevaa lile shati langu jeupe. Kijana akamweleza kwamba mimi nimesema simjui, akamwuliza ana neno gani.

Yaya alinitazama. Nimeusahau uso wa baba yangu, lakini alivyonitazama siku ile sijasahau. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama alivyokuwa akitazama redio iliyoungua, anapojua kwamba hakuna la kufanya, ila anaishika kwa upole asije akaivunja zaidi. Kisha akamgeukia mkalimani.

"Mwambie bwana nilikosea," akasema. "Nilidanganya. Nilisikia kuna muntu wa Bukavu anaishi hapo, nikataja jina lake ili nisaidiwe. Huyu hanijui. Asisumbuliwe."

Mkalimani akatafsiri. Kijana akamwuliza kama anaelewa maana ya kusema alidanganya. Yaya akasema anaelewa. Wakamtoa. Kijana akaniomba radhi kwa usumbufu, akaninyoshea mkono, nami nikaupokea.

Kwa sababu ya maneno yale faili lake likawa faili la mwongo, na ombi lake likakataliwa. Hakurudi Forest. Alipokamatwa aliwekwa katika kituo kilichofungwa, karibu na uwanja wa ndege, na sikwenda kumwona hata mara moja, kwa kuwa mgeni alitakiwa kuandika jina lake na uhusiano wake na mtu anayemtembelea. Jirani Mreno aliniuliza yule fundi kaenda wapi. Nikasema kapata kazi Ufaransa.

Jumamosi ya mchezo ilifika katikati ya mambo hayo. Ukumbi ulijaa, kikundi chetu cha maombi kilikuja chote, maman amekaa mstari wa mbele na kilemba cha buluu. Madame alinivalisha shuka. Nilitoka nyuma ya pazia nikasimama, nikamwambia yule mama wa Lubumbashi, aliyeigiza mama wa wana wawili, kwamba mwanawe mmoja amekufa na kwamba mwenzake angeweza kumwokoa ila alinyamaza. Maneno hayakuwa mengi. Sauti yangu haikupanda. Nilikuwa nimejiambia kwamba nikifika pale nitashindwa, na kwamba kushindwa huko kutakuwa namna fulani ya kukiri. Sikushindwa. Nilisema yote, tena vizuri, na watu wakapiga makofi wakiwa wamesimama. Maman alinikumbatia analia.

"Maskini mwanangu," akasema. "Ulikuwa unamkumbuka yaya wako."

"Ndiyo, maman."

Wiki ile ile walimpandisha ndege kwenda Kinshasa, mji ambao hakuwa na mtu ndani yake. Aliishi huko miezi minne au mitano, akitafuta njia ya kurudi mashariki. Akaugua homa katika nyumba ya watu asiowajua, akafa. Habari ililetwa na msafiri aliyekuwa amepewa anwani yangu katika kikaratasi. Kwenye kikaratasi hicho, kwa mwandiko wake, juu ya anwani, yaya aliandika: *mudogo wangu*.

Nilikwenda kwa maman siku hiyo hiyo, mchana, nikamwambia kila kitu, tangu kisukari cha baba hadi kikaratasi. Alikuwa anachambua mboga. Aliendelea kuchambua kwa muda mrefu.

"Donc, kumbe tulimlilia muntu aliye hai," akasema mwishowe.

"Ndiyo, maman."

"Tukala chakula chake. Mimi niliimba hadi sauti ikakauka."

"Ndiyo."

"Na siku zile nilizokuja kwako kukutembelea, alikuwa wapi?"

"Chumbani. Kitandani."

Akaweka kisu chini. Alisema watamlilia upya, kwa sababu marehemu hana kosa, lakini watamlilia nyumbani kwa maman mwenyewe, si kwangu, na mimi nikija nitakaa kwenye kiti pamoja na wageni. Ndivyo ilivyokuwa. Nilikaa kwenye kiti karibu na mlango. Hakuna aliyenishika bega. Rafiki yangu wa tangu utoto hakuja kabisa, na tangu hapo tukikutana kwenye tramu mmoja wetu anashuka. Hakuna aliyekwenda kunishtaki ofisini. Karatasi zangu nilizihuisha mwaka baada ya mwaka bila kuulizwa swali, na yote niliyoyaogopa hayakuwahi kutokea.

Ilibaki mama yetu. Simu ya Bukavu wakati huo ilikuwa shida. Mtu alikwenda mapema kumwambia asubiri kwa jirani saa fulani, nami nikapiga kutoka duka la simu. Alikuwa amekwisha kusikia kwamba mwanawe amefia Kinshasa. Hakujua amefikaje Kinshasa. Yaya hakuwa amemwandikia tangu Roma.

Mama hakulia kwenye simu. Aliniuliza kama nakula, kama ni baridi. Halafu akauliza, "Alifika kwako?"

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia. Nilikuwa nimemwambia maman, na nilidhani mdomo wangu umekwisha kujifunza.

"Hapana, mama," nikasema. "Hakufika."

Nilisikia watoto wa yaya wakicheza nyuma yake.

"Nilijua," akasema. "Angefika kwako angepona."

"Ndiyo, mama," nikasema.